Peter Purves, Aliyezungumza na Watoto Asiowaona

Tarehe 3 Julai 1969, watoto wa Uingereza waliokuwa wamesharudi kutoka shule na kukaa mbele ya televisheni walimwona tembo mdogo akiingizwa studioni. Jina lake Lulu, na alitoka katika bustani ya wanyama ya Chessington, pembezoni mwa London. Watangazaji watatu walikuwa naye: Valerie Singleton, John Noakes na Peter Purves. Lulu akakojoa pale pale sakafuni, kisha ikafuata haja kubwa. Mtunzaji wake aliyeshika kamba alijaribu kumzuia, akateleza, akaburutwa juu ya uchafu ule ule. Noakes akakanyagwa mguu na tembo, naye akaja kukanyaga kinyesi. Watatu wale wakawa wanaaga huku wanacheka, na maneno waliyoyakariri yakawa yanatoka vipande vipande.

Picha hizo zimeonyeshwa tena na tena kwa zaidi ya nusu karne, hata watu waliozaliwa miaka 30 baadaye wanazijua. Wengi huamini kwamba kipindi kile kilirushwa moja kwa moja hewani. Sivyo. Kilirekodiwa kabla, kwa sababu watangazaji walikuwa na safari ya Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Nafasi ya kukata sehemu ile ilikuwepo, na haikukatwa. Mtoto aliyekuwa akitazama aliachiwa aone mambo kama yalivyotokea.

Mimi kila nikizitazama picha zile macho yangu humwendea Purves. Noakes alikuwa jasiri na mtundu, mtu wa kupanda minara mirefu. Singleton alikuwa kama dada mkubwa anayejua kila kitu. Purves alikuwa wa tatu, mtulivu, ndiye aliyeshika usukani wenzake walipokuwa wakiruka na kuanguka. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi sana, maana ikifanywa vizuri haionekani. Nimeona inastahili kusimuliwa.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1939 huko New Longton, karibu na mji wa Preston, katika Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alisoma Blackpool, mji wa pwani ambako wafanyakazi wa viwanda vya nguo walizoea kwenda kupumzika, kula aiskrimu na kutazama maonyesho ya jukwaani. Alisomea ualimu katika chuo cha Alsager, lakini jukwaa lilimvuta, akajiunga na kikundi cha maigizo cha mji wa Barrow-in-Furness, mji wa wajenzi wa meli. Kwa mwigizaji kijana, vikundi vya aina hiyo vilikuwa kama jando. Usiku unacheza mchezo mmoja, mchana unajifunza mchezo wa juma lijalo. Leo wewe ni padri, juma lijalo mwizi, juma litakalofuata baba mkwe. Asiyeweza kukariri haraka hadumu. Kipaji hicho cha kukariri ndicho kilichokuja kumlisha Purves kwa miaka mingi, ingawa wakati huo hakuwa na namna ya kujua.

Mwaka 1965 alikwenda kujaribiwa kwa ajili ya tamthilia ya BBC iitwayo Doctor Who, habari za msafiri wa ajabu anayepita katika nyakati na sayari ndani ya chombo chenye sura ya kibanda cha polisi. Alitaka nafasi ya kiumbe mwenye umbo la mdudu. Mwongozaji Richard Martin hakumpa. Muda si mrefu Martin alimwita tena, safari hii acheze mtalii Mmarekani kutoka Alabama, mtu anayeshangaa shangaa juu ya jengo la Empire State kwa dakika chache tu. Dakika hizo zilitosha. William Hartnell, aliyekuwa mhusika mkuu, na mtayarishaji Verity Lambert walimpenda, wakampa kazi ya kudumu. Katika hadithi ile ile, majuma matatu baadaye, watazamaji walimwona mtu yule yule akiingia kama Steven Taylor, rubani wa vyombo vya anga aliyekuwa amefungwa peke yake katika sayari ya mbali. Alibaki katika tamthilia hadi 1966.

Kisha kazi ikakatika. Mwaka mmoja na nusu ulipita, naye hana kitu cha maana cha kufanya. Purves mwenyewe husimulia kwamba alikuwa amechukua nyumbani mchezo mmoja wa kuchezea uliotumika katika hadithi ya Celestial Toymaker, ile ya mchawi anayewanasa watu kwa michezo ya kitoto. Siku alipoutupa ndipo simu zilipoanza kulia tena. Waigizaji ni watu wa kuogopa nuksi, na mimi simcheki. Mtu aliyekaa miezi 18 akiingojea simu ana haki ya kutafuta chanzo cha mkosi wake.

Simu mojawapo ilitoka kwa Blue Peter, kile kipindi kilichokuja kumwingiza Lulu studioni.

Jina hilo ni la baharini. Blue Peter ni bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati, ambayo meli iliyo bandarini huipandisha kuwaita mabaharia wake warudi, kwa kuwa iko tayari kung'oa nanga. Wanaoishi karibu na bandari za Mombasa na Dar es Salaam huenda wameiona mara nyingi bila kujua jina lake. John Hunter Blair alikianzisha kipindi hicho cha watoto BBC mwezi Oktoba 1958, na tangu 1964 kilikuwa kikionyeshwa mara mbili kwa juma, Jumatatu na Alhamisi jioni. Mwaka 1967, Christopher Trace, mtangazaji wa tangu mwanzo, aliondoka. Novemba mwaka huo Purves akaingia, mwenye umri wa miaka 28.

Mwenye nyumba hasa alikuwa mhariri Biddy Baxter. Alipokuwa mtoto, Baxter alimwandikia barua mwandishi Enid Blyton akapata jibu zuri. Akaandika tena, akapata jibu lile lile, neno kwa neno. Hakulisahau jeraha hilo. Alipopewa kipindi cha watoto aliagiza kila mtoto anayeandika awekewe kadi yake, ili akiandika mara ya pili ajibiwe kama mtu anayefahamika. Barua zilikuja kwa maelfu. Nishani ndogo yenye picha ya jahazi, aliyoichora Tony Hart, ilitolewa kwa watoto walioleta mawazo, michoro au hadithi nzuri, na wapo wazee wa leo ambao bado wameitunza kabatini.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Asubuhi mnafanya mazoezi, jioni mko hewani. Hakuna kioo cha kusomea maneno chini ya kamera. Dakika 25 za maelezo ziko kichwani mwako: hatua za kupika keki, majina ya magari moshi ya zamani, maisha ya nabii fulani au malkia fulani, na jinsi ya kutengeneza kitanda cha mwanasesere kwa boksi la viatu. Baxter hakupenda neno libadilishwe. Na huyo unayezungumza naye hayupo. Kwenye jukwaa la Barrow, Purves alizoea kusikia watu wakivuta pumzi, wakikohoa, wakicheka mahali asipotarajia. Hapa palikuwa na jicho la kioo, na nyuma yake kimya. Ilimbidi aamini kwamba ng'ambo ya kimya hicho yupo mtoto mmoja, amekaa sakafuni na kikombe cha maziwa, anasikiliza. Anayewaza mamilioni ya watazamaji atapaza sauti kama mwanasiasa, na mtoto ataondoka. Purves alizungumza kwa sauti ya mtu aliyeketi chumba kimoja nawe. Ualimu aliouacha haukuwa umekwenda mbali.

Vitu vilivyotengenezwa mle studioni vilikuwa vya taka za nyumbani: chupa za sabuni ya kuoshea vyombo, maboksi ya mayai, vining'inizio vya nguo vilivyofungwa utepe wa kumetameta na kuwekwa mishumaa ya kungojea Krismasi. BBC haikuruhusu jina la kampuni yoyote litajwe, hivyo plastiki ya kubandika iliitwa plastiki ya kubandika, basi. Na kwa kuwa gundi haikauki ndani ya dakika mbili, palikuwa daima na kingine kilichokamilika chini ya meza. Msemo wa kukitoa hicho cha pili uliingia katika Kiingereza cha kila siku, na Purves akautania katika jina la kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2009. Mtoto wa Tabora aliyewahi kuunda gari kwa waya na magurudumu ya kandambili kuukuu angeielewa meza ile bila mkalimani.

Kila mwaka kipindi kiliwaomba watoto wakusanye kitu kwa ajili ya wengine, na mara nyingi hakikuomba pesa, ili mtoto wa maskini naye aweze kutoa. Mwaka 1968 waliomba vitambaa vya sufu na pamba, na vilipouzwa vikasaidia kupeleka magari ya hospitali kwa walioumizwa na vita vya Nigeria. Mwaka 1971 Valerie Singleton alifuatana na Binti Mfalme Anne hadi Kenya kutengeneza filamu, wakatembelea mbuga za wanyama na pia Starehe, Nairobi, ile shule iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa ajili ya vijana wasio na makao. Kwa watoto wengi wa Uingereza filamu ile iliwaonyesha kwamba Nairobi ina wavulana wenye sare na madaftari kama wao. Safari ile ilikuwa ya Singleton, Purves hakuwemo. Naitaja kwa sababu inaonyesha aina ya nyumba aliyokuwa akiitumikia.

Mle ndani alikuwa pia na mbwa. Petra alikuwa amekwishapendwa kabla Purves hajafika, na siri yake haikufichuliwa hadi miaka mingi baadaye: mbwa mdogo wa kwanza aliyeonyeshwa kwa watoto mwaka 1962 aliugua akafa mara tu baada ya kutokea mara moja, na wakubwa wa kipindi wakazunguka maduka ya wanyama ya London kumtafuta anayefanana naye. Huyo wa pili ndiye Petra ambaye watazamaji walimpa jina na kumlilia alipokufa mwaka 1977. Sanamu ya kichwa chake, kazi ya William Timym, iliwekwa kwenye kituo cha televisheni cha BBC. Katika miaka ya Purves, mbwa huyo alionekana kuwa wake, kama vile Patch na baadaye Shep walivyoonekana kuwa wa Noakes. Uhusiano wake na mbwa mbele ya kamera ulikuja kumpa kazi ndefu kuliko zote.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Enzi hizo BBC ilikuwa ikifuta mikanda yake ili itumike tena, na Doctor Who iliumia vibaya. Hadithi ya mauaji ya Paris ya mwaka 1572, ambamo Steven Taylor ndiye anayeubeba mchezo karibu peke yake, haikubaki hata sehemu moja. Ya mwisho ya Purves, The Savages, nayo ilipotea yote. Sauti ndizo zilizosalia, zilizorekodiwa na watazamaji majumbani kwao. Lakini Biddy Baxter alisisitiza mikanda ya Blue Peter itunzwe, na karibu yote ipo. Ikawa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, Blue Peter ilipoazima vipande vya Doctor Who ili kuwaonyesha watoto, vipande hivyo vikahifadhiwa ndani yake. Dakika moja na nusu ya kifo cha Katarina, msichana aliyesafiri pamoja na Steven, iliokoka kwa njia hiyo. Hata zile sekunde mashuhuri ambapo sura ya Hartnell inageuka kuwa ya mrithi wake, Patrick Troughton, zimebaki kwa sababu zilionyeshwa katika Blue Peter. Kazi ambayo Purves alidhani ni ya kumshikia mahali hadi apate nafasi nyingine ya uigizaji ndiyo iliyohifadhi mabaki ya uigizaji wake.

Machi 1978 aliondoka, baada ya zaidi ya miaka kumi. Noakes alimfuata miezi mitatu baadaye. Na hapo ndipo upande wa pili wa maisha yake ulipochukua nafasi: pantomimu.

Tusidanganywe na jina. Pantomimu ya Waingereza siyo igizo la kimya. Ni kelele tupu. Mizizi yake ni michezo ya Waitalia, na John Rich aliipandisha jukwaani London mwanzoni mwa karne ya 18. Joseph Grimaldi, aliyefariki mwaka 1837, alimfanya mchekeshaji awe mfalme wa jukwaa. Baadaye, miaka ya 1880, Augustus Harris wa ukumbi wa Drury Lane alianza kuajiri nyota wa kumbi za muziki, na tangu hapo mtu anayejulikana mahali pengine ndiye anayeuza tiketi za pantomimu. Ndiyo njia aliyopitia mtangazaji wa televisheni ya watoto. Ikifika Desemba, miji mingi, hata midogo, hupandisha Cinderella, Aladdin, Dick Whittington au Jack na mharagwe wake. Maonyesho ni mawili kwa siku, hadi Januari. Kwa kumbi nyingi za mikoani, mapato ya majuma hayo ndiyo yanayolipa deni la mwaka mzima.

Sheria zake zimerithiwa. Mwovu huingia kutoka kushoto kwa jukwaa, malaika mwema kutoka kulia. Mama wa shujaa huchezwa na mwanamume aliyevaa gauni, mabuti na nywele bandia. Ubeti wa mwisho wa mchezo hautamkwi mazoezini hata mara moja hadi usiku wa kwanza, kwa kuogopa kuuletea mchezo mkosi. Na watoto hawakai kimya. Mwovu akinyemelea, ukumbi mzima unapiga ukelele: nyuma yako! Akisema ndiyo, wanasema siyo; akisema siyo, wanasema ndiyo. Sisi tuliokulia kwenye paukwa na pakawa hatuhitaji kuelezwa utamu wake. Hadithi haisogei mpaka wasikilizaji wameitikia.

Purves alicheza pantomimu na zaidi ya hapo akaziongoza, zaidi ya 30 kwa jumla. Huo ni msururu wa Krismasi nyingi zilizoliwa hotelini kati ya onyesho la mchana na la jioni. Muda wa mazoezi huwa mfupi mno, majuma mawili hivi, na ndani yake mwongozaji anapaswa kuwapanga wachezaji dansi, bendi, watoto wa shule ya dansi ya mji, farasi wa maigizo mwenye watu wawili tumboni, bondia au mwimbaji ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa, na mchekeshaji mzee asiyetaka kubadilisha mzaha aliourithi. Akikosea hesabu, gari la Cinderella litatokea kabla boga halijaondoka. Karibu na mwisho, kitambaa chenye maneno ya wimbo hushushwa mbele ya jukwaa na watoto hualikwa kupanda. Ukumbi ukiimba, nyuma ya kitambaa mafundi wanakimbia kwenye giza wakijenga ngazi za harusi. Mtoto hajui kwamba wimbo ule ni pazia. Mwongozaji anajua, kwa sababu ndiye aliyepima ni beti ngapi zinatosha fundi wa mwisho kukaza skrubu ya mwisho.

Naamini ndiyo sababu kazi hii ilimfaa. Miaka kumi alizungumza na watoto wasioweza kumjibu ila kwa posta. Hapa walimjibu papo hapo, kwa sauti za kupasua masikio, naye alijua jinsi ya kupanga kimya kabla ya sauti hizo. Na kama ilivyokuwa kwenye Blue Peter, alikuwa yule anayeshikilia ili wengine waanguke salama. Mwongozaji wa pantomimu hatajwi na mtoto yeyote anayetoka ukumbini.

Televisheni haikumwacha. Alitangaza Kick Start, mashindano ya pikipiki kupita juu ya magogo na matope, na mashindano ya dunia ya vishale. Lakini mahali alipokaa miaka mingi kuliko pote ni Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa, akieleza kwa sauti ile ile ya chumbani kwa nini mbwa huyu anatembea vizuri kuliko yule. Mwaka 2001 waandishi wa tamthilia ya The Office walipohitaji mtu wa kuonekana ndani ya video ya mafunzo ya wafanyakazi, mtu ambaye kila Mwingereza wa umri fulani angemwamini papo hapo, walimweka Purves, kwa jina lake mwenyewe.

Alirudi pia kwa Steven Taylor. Kwa miaka mingi amesoma na kuigiza hadithi za Doctor Who kwa sauti, zikiwemo simulizi za zile zilizopotea, akieleza kwa maneno picha ambazo aliwahi kuwa ndani yake na ambazo hakuna awezaye kuziona tena. Novemba 2023, akiwa na miaka 84, BBC ilimwita avae tena mhusika yule kwa ajili ya mfululizo wa Tales of the TARDIS. Aliketi ndani ya chombo cha safari pamoja na Maureen O'Brien, aliyecheza naye mwaka 1965 kama msichana Vicki, wakakumbushana The Time Meddler, safari yao ya kwenda pwani ya Uingereza ya mwaka 1066. Sehemu zake nne bado zipo.